Kwa Utafiti Tu

Kichupa ni kifupi kuliko kidole cha mwana.
Kimekuja na barafu kavu, kikalala forodhani siku mbili
nami nikipiga simu: isiyeyuke, jamani, isiyeyuke.
Karatasi yasema: kimeng'enya cha msuli wa binadamu.
Hakuna binadamu aliyekatwa.
Walinakili ile sentensi moja ya mwili
isemayo namna ya kukata sukari ya akiba,
wakawasomesha bakteria, nao wakatii,
wakafinyanga kitu cha mkono
bila kujua mkono ni nini.

Ami Badi anajua.
Miaka thelathini Kuze, mbele ya sufuria ya halua,
mwiko mrefu kumshinda yeye,
wanga, samli, iliki, na sukari, sukari,
na kila siku, dakika ya tano, mkono humgomea.
Vidole vikajikunja kama vya kaa.
Huketi juu ya gunia, wenziwe wakicheka.
Baba'ke alimchapa kwa uvivu huo.
Mke wa kwanza aliondoka kwa uvivu huo.
Kisha huinuka, na mara hii hauumi,
hukoroga mpaka halua iache sufuria.
"Nshalipa kodi," husema.

Shaabani iliyopita, maagizo ya harusi yalipozidi,
akakojoa rangi ya ukwaju. Ndipo akaja.

Kipande cha paja lake, punje ya mchele.
Nimekisaga, nimekipima, mstari kwenye kioo
ukalala kama maji ya kisimani.
Sukari imejaa tele humo ndani,
hakuna wa kuikata.
Mtu ashindaye akikoroga sukari,
na msuli wake una njaa juu ya sukari.

Nikatia tone la kile kichupa.

Mstari ukainuka.
Si kwa kishindo. Ukainuka tu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake,
na kwa dakika kumi na moja, Ganjoni, ghorofa ya pili,
feni ikilalamika,
msuli wa Badi bin Shee ulifanya kazi
pasipo Badi.

"Hichi chaweza kudungwa?"
Nikamwonyesha maandishi ubavuni: kwa utafiti tu.
Si dawa, Ami. Ni kipimo. Chatwambia kilichokosekana.
Akaangalia ule mstari uliolala, akaangalia uliosimama.
"Kwa hivyo si uvivu."
Si uvivu.
"Nipe hiyo karatasi."
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia,
akateremka ngazi polepole, akipumzika kila kituo.
Dirishani nilimwona akipita njia ya Kuze asiingie,
akashika ya Kikowani, makaburini.

Kichupa nimekirudisha kwenye friji, nyuzi themanini chini ya sifuri.
Mezani ameacha halua, karatasi imeshalowa samli.
Hairuhusiwi kula maabara.
Nimekula, nimesimama, mkono mmoja mlangoni mwa friji,
na sukari ikanipita mwilini
bila hata kubisha hodi.