Daftari la Fundi Wambani

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu nikafungua karakana
hapa Shianda, kando ya barabara ya Mumias,
nikakuta daftari lake chini ya msasa na kopo la gundi.
Baba aliandika kwa penseli ya seremala, ile bapa,
na kwa kila mteja neno ni hilo hilo: kiti.

Kiti, Makomere. Elfu moja. Amelipa nusu.
Kiti, Mama Nabwire. Kisiwe na miguu.
Kiti, kanisa. Mungu atalipa.

Vipimo hakuna. Vipimo aliviweka kichwani
na kichwa amekwenda nacho.

Basi nimekuwa mtu wa kuulizauliza.
Makomere alicheka mpaka akashika ukuta:
chake ni cha baiskeli, cha abiria, ubao na sponji,
tangu Machi anabeba watu juu ya gunia lililokunjwa
na wanawake wa sokoni wamemchoka.
Cha Mama Nabwire nilidhani ni mzaha wa mzee.
Kumbe mwanawe, Wekulo, ana magurudumu tayari,
mawili makubwa, mawili madogo, ya msaada kutoka misheni;
kilichooza ni pale pa kukalia.
Miguu ya nini, aliniuliza mama yake,
na sikujua nitazame wapi.

Kiti, Mheshimiwa. Mvule. Mgongo mrefu.
Hiki kipo. Kimekamilika, kiko nyuma chini ya blanketi.
Alikiagiza kabla hajapata kiti.
Kura zikahesabiwa usiku kucha, akakosa kiti,
na kiti nacho kikakosa mtu.
Sasa kuku wa jirani anataga humo.
Sijamfukuza. Hakuna mwingine aliyekiomba.

Jana alikuja Bwana Rapando, wa kikundi chetu cha mazishi,
kuhesabu viti vya plastiki tulivyokodi,
themanini, kimoja kimepasuka.
Alihesabu mara tatu, jua likiwa utosini.
Mwenyekiti, nikamwambia, keti basi.
Akasema mwenyekiti huketi wa mwisho,
akaendelea kusimama, jasho likimtiririka shingoni,
akaniandikia risiti ya kile kilichopasuka.

Darasa la nne mwalimu Tindi alituimbisha:
kiti kimevunjika, viti vimevunjika.
Kiti, kitu, kifo, alisema, vyote ngeli moja.
Nilirudi mbio kumwambia baba. Alikuwa anapiga randa.
Mimi ngeli sizijui, akasema. Mti ndio naujua.
Mti ukiupunguza vya kutosha unakuwa kiti.
Ukizidisha, unakuwa kuni.

Mteja mmoja, dereva wa lori la miwa aliyekulia Mombasa,
alitusimulia kwamba huko kwao
mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti.
Baba aliacha kupiga randa. Akafikiri.
Akauliza: na huyo pepo, analipa?

Ukurasa wa mwisho, mwandiko umelegea:
Kiti, mimi. Baada ya Krismasi.
Nikapekua daftari la mwaka juzi. Kiti, mimi.
La mwaka ule nilipoolewa. Kiti, mimi, mgongo kidogo.
Kila mwaka akijisukuma nyuma ya wateja.

Maana mzee mwenyewe alikalia debe,
debe la mafuta ya kupikia, limepinduliwa.
Vijana waliliazima kila msimu wa kampeni
wakalipiga kuanzia hapa hadi Ekero
wakimtafutia mtu kiti,
wakalirudisha jioni limezidi kubonyea.
Wageni wakimcheka, fundi gani huyu hana kiti,
aliwajibu: muulizeni Kukhu kiti kinaitwaje kwetu.
Na bibi, bila kuinua macho kutoka kwa mboga zake:
indebe.
Mmesikia, baba akasema. Ninacho.

Nimeanza na cha Makomere. Ameniachia baiskeli,
nimepima keria mara mbili kwa sababu siamini mkono wangu.
Nimekaa juu ya debe. Asubuhi lina baridi,
na limebonyea mahali pake,
si pangu.