Nusu Gramu

Mji mzima unalilia upepo.
Kule Barabara ya Kumi na Mbili watu wamejilaza vibarazani,
feni zimekufa pamoja na umeme tangu adhuhuri,
na sisi hapa tunaufungia nje:
milango miwili ya bohari, makomeo, gunia chini ya mlango,
hata tundu la panya mwanangu Kiango ameliziba kwa kandambili.

Lazima hewa isimame.
Hewa ikiwa na safari zake, anasema,
ndege haitakuwa na habari nasi.

Ndege yenyewe ni utando tu wa boksi la samaki,
lile jeupe la povu, alioukata kwa waya wa moto
hadi ukaviona vidole vyake upande wa pili.
Bawa moja, mkia wa kukunja, tone la nta puani.
Haina injini. Haina uzi wala mpira wa kuvuta.
Sonara wa Barabara ya Tatu aliipima bure, akicheka:
nusu gramu, na nta yake.

Mizani ile kubwa ukutani Baba aliitumikia
miaka ishirini na tisa.
Robota la katani, kilo mia mbili na hamsini,
chaki sikioni, neno moja tu mdomoni: Lipite.
Juzi aliilaza ndege juu ya sahani ya chuma.
Mshale haukujua.
Akaitazama mizani kama rafiki aliyemkana mbele ya watu.

Tangu kiharusi, mguu wa kushoto unamfuata
kama mtoto asiyetaka kwenda madrasa.
Bombo wamesema atembee. Hatembei.
"Niende wapi?" anauliza, na swali hilo
tumelibeba miezi minne bila kupata pa kulitua.

Kiango kaja na kipande cha katoni ya sabuni.
Ishike hivi, wima, ilale kidogo,
mikono miwili, babu, usidanganye.
Mimi naiachia kwa juu, wewe unaifuata.
Usiiguse. Usiikimbize.
Katoni inasukuma hewa, hewa inakosa pa kwenda, inapanda,
na ndege inaanguka, inaanguka muda wote, babu,
ila inaangukia ndani ya hewa inayopanda.

Baba hakuelewa. Nami sikuelewa,
mpaka jua la saa kumi lilipopenya kwenye tundu la bati
na vumbi la katani, la miaka yote ile, likatuonyesha:
linajongea hadi kwenye katoni, linasita, linapanda
kama wimbi lililokutana na ngazi za Raskazoni,
na begani mwa wimbi, nusu gramu imekaa.

Hatua. Ndege ikasogea.
Hatua, na mguu wa kushoto ukaburura mstari sakafuni.
Akichelewa, inazama.
Akiharakisha, inapita juu ya kichwa chake, inabaki nyuma.
Hospitali walimwambia ahesabu hadi ishirini.
Hapa hakuna anayehesabu.
Nguzo ya tatu. Nguzo ya nne,
lilipokuwa likirundikwa daraja la chini, lenye madoa.
Mkono wa kushoto, ule anaouita Mgeni,
umeng'ang'ania pembe ya katoni, unatetemeka,
na ndege inatetemeka nao, lakini inakwenda.

Ukutani ilimpasa akate kona.
Alisahau. Ikagonga chokaa,
ikashuka taratibu kuliko unyoya wa kuku.
Baba akatamka neno ambalo sitaliandika.
Kisha akasema: "Lete."

Safari ya saba niko nyuma yake,
viganja vyangu shubiri moja kutoka mgongoni.
Sijamgusa.
"Wewe," anasema bila kugeuka,
"usinipumulie. Utaiangusha."

Nabana pumzi.
Tunakwenda.