Mistari Mitano

Manispaa imeleta fomu hapa Hilati Sidra,
mtaa wa mkunazi, na mkunazi wenyewe ulikatwa zamani
kupisha maegesho ya magari.
Wanataka majina ya kubandika kwenye vichochoro.
"Watu mashuhuri wa eneo," imeandikwa,
na chini yake mistari mitano,
kila mstari na kijisanduku chake: Cheo.

Nimepewa mimi kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Wa kwanza usiniambie, namjua.
Meja Jenerali, wa lile jumba la pembeni
lenye geti la shaba na maua yanayomwagiliwa na mashine.
Kazaliwa hapa, ndiyo, kabla ya lami.
Tangu ahame tumemwona mara mbili,
na mara moja alikuwa nyuma ya jeneza la mamake.
Nimemwandika. Kijisanduku hakikumtosha.

Kwenye mstari wa pili kalamu ikasita.
Nikamwandika Bi Shinuna binti Suleyum
aliyefika kutoka Unguja na sanduku la bati
na Kiarabu cha kusalia tu,
akapokea watoto mia mbili na kumi na tisa
katika nyumba ambazo bado hazijatiwa milango,
mkasi ukichemka ndani ya birika la chai.
Nilikwenda kumuuliza cheo.
"Cheo gani, mwanangu? Mie miguu yaniuma."

Muhenna, dereva wa lori la maji, ana kigugumizi.
Usiku ule wa gharika, wadi liliposhuka likinguruma,
alilikingamisha lori lake katikati ya njia
akapanda juu na tochi
akatukana kila aliyepiga honi, tena bila kukwama hata neno:
wakubwa, wadogo, bwana harusi na msafara wake.
Wote wakageuza.
Hakuzama mtu, kwa hiyo hakuna aliyeiandika habari.
Asubuhi polisi walimtoza faini kwa kuziba barabara.
Kwenye cheo nimeweka: *alitozwa faini*.

Bi Khole, mshona kofia. Kofia yake moja
imo kichwani mwa balozi, nchi gani sijui,
na yeye sasa tundu la sindano halioni,
hulitafuta kwa ncha ya ulimi.

Umebaki mstari mmoja.
Na hapo ndipo wino uliponiishia,
nikavuka kwenda dukani kwa Moidu.

Moidu alitoka Kozhikode na ndevu hazijamwota.
Wateja wake wa mwanzo walikuwa bibi zetu,
basi alijua Kiswahili kabla ya Kiarabu,
na Kiswahili chake chote ni cha kibibi:
mwanamume wa kilo tisini na masharubu
hukuambia, "Ewe, njoo nikutazame, mbona umekonda hivi, jamani?"
Miaka thelathini na minne. Visa yake yaisha Alhamisi.
Rafu zimeshakuwa tupu, umebaki unga wa dengu na betri.

Kalamu alinipa, akaiandika kwenye daftari la madeni
kwa mazoea, kisha akacheka, akalifunga,
akanisukumia juu ya meza.
"Lichukue. Mie nitamdai nani huko?"

Nimelisoma usiku kucha.
Bi Shinuna: pamba, spiriti, wembe, kila mwezi, hadi mwaka aliostaafu.
Muhenna: betri nne za tochi, tarehe ya gharika ile ile.
Bi Khole: uzi mweupe, uzi mweupe, uzi mweupe.
Mama yangu: maziwa ya kopo, nami nilikuwa na miezi mitatu.
Na huko nyuma, kurasa zimekuwa za manjano,
mtoto mmoja, jina bila cheo,
mkate wa jana, nusu bei, *atalipa akikua*.
Hajakatwa mstari.

Mstari wa tano nimeandika Moidu.
Kwenye Cheo: *tazama kiambatisho*.
Nimelifunga daftari kwa uzi wa Bi Khole.
Kesho nalipeleka manispaa, kaunta namba saba,
na sitaki waniulize kama ni raia.