Ufunguo wa Ramani

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, kilimani Community,
dirisha likitazama stesheni ya reli.
Kazi yangu wino.
Kijani kwa chai, nyekundu kwa lami,
samawati kwa mabomba yanayoshuka toka Ndakaini,
na duara jeusi kwa mji.
Nairobi niliijaza kwa kalamu namba nane:
ikauke, kisha tena.

Mhandisi Kithinji hakuwa mtu mbaya.
Kila Jumatatu alituletea ndizi za kwao Nkubu.
Angesimama nyuma yangu, harufu ya tumbaku begani mwangu,
kidole chake kikishuka kwenye karatasi:
“Elema, ufunguo uweke huku juu.
Huku hakuna kitu.”

Huku palikuwa Maikona.
Palikuwa na mama yangu, ngamia kumi na watatu,
na kisima ambacho watu wanne hupokezana ndoo
mpaka wa juu kabisa aione.
Nikachora sanduku, mistari minne, kwa rula.
Ndani nikaandika kwa mwandiko safi:
Hospitali. Shule ya upili. Barabara ya majira yote.
Alama zote za nchi zikalala juu ya paa la mama,
na hata moja haikuwa yake.

Miaka kumi na minne nilimfunika.
Mpango uliisha, mpango ukaja, jalada likabadilika rangi.
Boru wa jirani yetu akafika Nairobi na viatu vya kuazima;
usiku akalinda lango Lavington,
mchana akauza maji Mukuru kwa mtungi.
“Huku,” aliniambia akicheka, “hata kiu ina bei.”
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wanasema.
Mimi nilikuwa na kalamu,
na sikuwahi kujiuliza ninamkatia nani.

Kisha ikaja barua, imetembea siku hamsini,
mama akisema, katekista akiandika:
*Lori la chanjo halikufika. Tulisubiri na watoto mgongoni.
Baadaye wakalikuta limekwama Chalbi, dereva ana kiu.
Asema hakupotea kwa uzembe.
Alikuwa na ramani ya serikali, nzuri, ina rangi.*

Ijumaa ile nilibaki peke yangu.
Nikachukua penseli, nikalihamisha sanduku
nikaliweka juu ya Nairobi, pap!
Waitafute nao. Waulize njia.
Nikakaa nikiangalia. Nilifurahi, sitasema uongo,
kwa muda wa chai kupoa.
Halafu nikamwona Boru chini ya ule mstari,
na mtungi wake, na deni lake la kodi,
Boru aliyekuja hapa kwa kuwa kwao palifunikwa.
Nikafuta. Karatasi ikabaki na kovu.

Iko njia nyingine, ndefu, hakuna aipendaye:
kuutoa ufunguo nje, pambizoni,
na ili pambizo lipatikane
nchi yote ichorwe upya kwa mizani ndogo zaidi,
kila wilaya ipungue kidogo, kila mji usogee.
Wiki tatu. Macho yaliuma.

Mhandisi akaitandaza mezani, akavua miwani, akaivaa.
“Nairobi imekuwa ndogo.”
“Nchi imetosha, bwana.”
“Waziri ataona.”
“Na aone.”
Hakutia sahihi. Aliikunja, akaiweka juu ya kabati,
akaenda zake bila kwaheri.
Nikaanza kuhesabu mafao yangu kichwani.

Jumatatu alikuja na ndizi.
Akaishusha ile karatasi, akapuliza vumbi la siku tatu,
akaweka kidole palepale pa siku zote.
“Hiki kinukta cha samawati?”
“Kisima.”
“Kina jina?”
Nikamwambia: Ela Dima.
Akalitamka vibaya, mara mbili.
“Basi kiandike.”

Nikachovya kalamu namba mbili, ile nyembamba.
Mkono ulitetemeka, herufi ya kwanza ikachuruzika.
Nikaiacha hivyo.