Usishike Tama

Mama, hapo. Ukutani kwa Bi Sichana,
pale rangi ya samawati ilipobanduka ikaacha ramani.
Saa moja na nusu, Wete bado inapiga miayo,
jua limelala ubavu, halijafika kukufinya macho.
Mchana tusithubutu.
Jua la mchana ni karani, linahesabu kila mstari.

Kasimama kama siku ile ya kitambulisho:
mikono mapajani, shingo imenyooka,
macho yanamtazama hakimu asiyekuwepo.
Picha mbili tu kapigwa maisha yake,
ya kitambulisho na ya pasipoti ya Hija,
na zote mbili aliambiwa asicheke.

— Usisimame kama mlingoti. Geuza bega.
Uzito utupe mguu wa nyuma, wa mbele ulegee
kana kwamba unangoja chai.
Kidevu shusha. Si hivyo, hivyo ni kuomba msamaha.
Uso mbele kidogo, kama mtu aliyesikia
jina lake likitajwa nyumba ya pili.
— Nani kanitaja?
— Hakuna, Mama. Ni mfano.

Watu hawanunui udi, nilimwambia jana, wananunua uso.
Vikopo ishirini viko chini ya kitanda,
sukari imeungua mara mbili kabla ya kukubali,
na ukurasa wetu una wafuasi kumi na watatu:
saba ni binamu, mmoja ni mimi.

Sasa mikono. Mikono ndiyo kazi.
Mkono usio na shughuli huonekana mgeni mwilini mwake.
Shika chetezo. Au kikopo, lakini usikibane,
hukukiiba.
Au kiganja hapa, shavuni,
wote siku hizi wanafanya hivyo.

Akauondoa mkono wangu kama anayetoa nzi kwenye maziwa.
— Usinishikishe tama.
Tama hushikwa na mwenye msiba.
Anayeishika bila msiba, anauita.

Haya. Bila tama.
Toa pumzi, nitabofya inapoishia.
Sema "udi." Mdomo utaanza kama unapuliza makaa,
utamalizia unacheka.
Faki kapita na baiskeli, kapunguza mwendo:
— Bi harusi huyo!
Mama kamjibu neno ambalo hapa siliandiki,
na kweli, akacheka.

Picha ya kumi na nne. Nikampa simu aone.
Akaipeleka mbali, akaileta karibu,
akaikinga jua kwa ncha ya kanga.
Nilingoja aseme pua kubwa, ifute.
Akasema:
— Huyu si mimi. Huyu mama.

Bibi Mkasi hakupigwa picha hata moja.
Alikufa Mama ana miaka kumi na tisa,
na studio ya mjini ilitaka fedha ya pishi mbili za karafuu.
Miaka arobaini Mama anamtafuta kwenye nyuso za dada zake,
anapata sikio huku, nyusi kule.

— Usiirushe hii.
Akaenda kukaa kizingitini, akanyoosha miguu,
akajitanda kanga kwa kushoto, si anavyojitanda yeye,
akalaza shavu kiganjani, taratibu,
kama anayerudisha yai kiotani.
— Mama! Tama!
— Alikuwa akikaa hivi. Piga.

Sikumwambia bega. Sikumwambia kidevu.
Mwanga ulishaharibika,
kivuli cha waya wa umeme kimemkata gotini.
Nilibofya mara moja tu.

Ukurasani nimetia vikopo, vitupu, bila mtu.
Wameipenda wanane. Hakuna aliyenunua.
Usiku, baada ya Isha, Mama hunyoosha mkono nimpe simu.
Haulizi tena abofye wapi.
Huutanua uso kwa vidole viwili, nilivyomfundisha,
huutanua, huutanua,
mpaka kwenye kioo pakabaki shavu na kiganja.