Tundu la Kifungo

Wiki moja kabla ya Pasaka
mji mzima wa Łódź hupanda madirishani.
Jina la mji huu maana yake ni mashua,
na kijito chake kimezikwa chini ya lami,
kwa hiyo maji tunayoyaona ni ya ndoo.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi minne.
Nilikuja na taulo za karatasi,
roli sita kwa bei ya tano,
nikajiona mwanamke wa kisasa.
Mama mkwe, Genowefa, alizitazama
kama unavyomtazama mgeni
aliyepanda zuliani na viatu vyake.
Hakusema neno.

Nikanyunyiza dawa ya bluu, nikafuta.
Roli ya kwanza iliisha
kabla sijamaliza dirisha la jikoni.
Karatasi ikaloa, ikajisokota, ikanyonyoka,
kioo kikaota ndevu nyeupe,
na jua lilipopiga
kila nilipopitisha mkono palionekana
wazi kama uongo wa mtoto.
Sakafuni, lundo la madonge yaliyolowa.
Mti gani huo, nilijiuliza baadaye sana,
uliosimama thelujini miaka arobaini
ili uje kufanya kazi ya sekunde tatu?
Siku ile lakini sikuwaza mti.
Niliwaza aibu.

Ndipo akafungua droo ya chini,
ile inayokwama, inayotaka teke.
Matambara.
Yamekunjwa pembe kwa pembe
kama shuka za hospitali.

"Huyu!" akasema kwa sauti ya kiwandani,
maana miaka ishirini na sita kando ya mitambo ya kufuma
ilimwachia masikio mabovu
na imani kwamba sote ni viziwi,
"huyu ni wa maji. Huyu wa siki.
Huyu wa kumalizia. Usiwachanganye.
Na usiwafue kwa dawa ya kulainisha nguo,
watagoma kunywa."

Huyu wa maji alikuwa nepi ya mume wangu.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Wa siki, pazia la nyumba waliyohama.
Wa kumalizia, mgongo na kifua cha shati la flana,
miraba ya kijani, limechakaa
hadi halina tena unyuzi wa kudondosha.
Shati la Wacław,
aliyefariki Februari moja
kabla sijaijua ngazi ya nyumba hii.
Vifungo alivikata, vimo kwenye kopo la kahawa.
Tundu moja alisahau kuliziba.
Au hakusahau.

Mwaka huu Genowefa hapandi kigoda.
Ameketi, blanketi magotini,
ananielekeza kwa kijiko cha chai:
juu, kushoto, hapo, hapo inzi alipolala.
Madirisha saba, ndoo moja,
siki mpaka macho yanalia.
Nepi inakunywa, pazia linakwaruza taratibu,
kisha namchukua wa kumalizia.

Na kila mwaka, palepale,
kwenye kioo cha sebule kinachotazama reli ya tramu,
kidole changu huzama katika lile tundu.
Sikitoi haraka.
Kwa muda wa pumzi moja nimefungwa
kwenye shati la mtu nisiyemjua,
naye, sijui nisemeje,
anafuta nami.
Kisha tramu inapita, kioo kinatetemeka,
nakunja tambara nipate upande mkavu.

Roli tano zilizobaki bado ziko juu ya kabati,
mwaka wa tisa sasa, zimeshika vumbi.
Zinashuka mafuta ya samaki yakimwagika,
au paka akitapika.
Sijaapa kiapo chochote.
Jioni nitayachemsha matambara,
nitayaanika juu ya beseni la kuogea,
matatu, yakidondosha maji,
na asubuhi yatakuwa makavu kama mkate wa juzi,
tayari kuanza upya.

Nashuka kigodani. Narudi nyuma hatua mbili.
Hakuna kioo, kuna mtaa tu,
na mwanamke ng'ambo akifuta lake.
Nageuka nisifiwe.

"Kona!" anapaza Genowefa.
"Umeruka kona!"