Gololi

Jumatano ni siku ya matumbo, zahanati ya Ahero.
Tumebanana kwenye benchi, kila mmoja na kitabu cha kliniki
alichokikunja kama barua ya kuomba kazi.
Nje, mpunga umeanikwa kandokando ya lami
na mtoto mwenye kiatu kimoja anafukuza kuku.

Nereah hakuanza kwa mahubiri.
Alitoa soksi kuukuu ya mwanawe wa sekondari,
kaijaza pamba, kaishonea chuchu kwa uzi wa kahawia,
akaibandika kifuani, juu ya sweta, bila haya.
Tulicheka hadi waliomo tumboni wakapiga mateke.

"Usimpe ncha tupu. Mpe kinywa tele.
Kidevu kiguse titi, mdomo upanuke kama wa kinda."
Kisha akanigeukia mimi. Mbona mimi?
"Na wewe, yule wa kwanza ulimnyonyeshaje?"

Akanyamaza.
Wengine huuliza huku wakiandika.
Yeye kalamu aliiweka chini.

Nikasema.
Odero alizaliwa mwaka wa mafuriko,
tukilala darasani, madawati yameunganishwa yakawa kitanda.
Maziwa yalitoka manjano, mazito, machache.
Mavyaa akayatazama kwa kurunzi:
haya yameoza, kamua umwage.
Nikakamua.
Nikamwaga.
Ardhi ya Kano ikanyonya kabla ya mwanangu.
Naye akanyweshwa maji ya glukosi, nusu kikombe, kwa kijiko,
akaharisha hadi utosi ukabonyea,
nasi tukayalaumu maji ya nje.

Benchi lilitulia.
Nilingoja neno "ulikosea". Halikuja.
"Hakuna aliyekuambia," Nereah alisema,
akachovya mkono mfukoni mwa aproni
akatoa gololi, ya kijani, yenye ufa mdogo ndani.
"Tumbo la siku ya kwanza. Ndilo hili.
Yale matone ya manjano yanalitosha, na ndiyo chanjo yake ya kwanza.
Chukua. Usinirudishie."

Nilitaka kuuliza: na palizi?
Siku arubaini zikiisha, nani ataingia matopeni kwa niaba yangu?
Nikauliza.
Akakuna shingo, akasema tutaongea,
akanionyesha jinsi ya kukamulia kikombeni, polepole, kwa vidole viwili.
Si jibu zima. Nililibeba vivyo hivyo.

Nyumbani, mavyaa Truphosa alikuwa na uteo mapajani
akichambua mawe kwenye mchele.
Nikaidondosha gololi katikati ya punje.
"Hili nalo jiwe gani?"
Nikamweleza, macho yangu kwenye mchele.

Aliiokota. Akaihamisha kutoka kiganja hiki hadi kile.
Akaipima kwa kijiko cha chai kilichokuwa karibu:
gololi ilikaa ndani yake, ikaenea.
Odero alipita mbio akikimbiza gurudumu,
miaka minne, mbavu nje, kelele tele.
Bibi yake alimfuata kwa macho hadi mwisho wa ua.

"Hata mimi niliambiwa nimwage," alisema.
Kisha, baada ya muda mrefu, kana kwamba anaongea na uteo:
"Kumbe nilimfungulia Nyando
mtoto mwenye tumbo la gololi."

Sikujibu. Yako maneno yasiyodai jibu.
Aliifunga gololi kwenye pindo la leso,
pale anapofunga hela za chama,
akaendelea na mawe yake.

Usiku huu najishika kifua, nasikia kizito upande mmoja.
Sijui yatatoka. Sijui yatatosha.
Nereah anasema mtoto ndiye anayeyaita.
Basi nangoja mwitaji.

Jana jirani alileta zawadi mapema:
pakiti ya glukosi, imefungwa utepe.
Mavyaa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru,
akaiweka juu ya kabati, kule nyuma ya sufuria za wageni,
halafu akaanza kulifungua lile fundo.

"Hebu keti kidogo," akamwambia,
"nikuonyeshe kitu."